Natafuta historia ya makazi ya bibi yangu, bondeni Rufiji ng'ambo ya Utete. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Ng'ambo

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wenyeji wa Rufiji, na kwa yeyote aliyewahi kufuatilia historia ya mahali ambapo hapapo tena.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka juzi. Tangu nimjue aliishi Utete, lakini sikumsikia hata siku moja akisema kwao ni Utete. Kwao palikuwa "ng'ambo". Ukimuuliza ng'ambo wapi, ananyoosha mkono upande wa mtoni, anataja mwembe, anataja msikiti wa udongo, halafu ananyamaza. Tulijua sababu ya kunyamaza. Mtoto wake wa kwanza, ambaye angekuwa mjomba wangu mkubwa, amezikwa kule. Walipohamishwa kwenye Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya 1968, kaburi lilibaki.

Mwaka jana mwezi wa nane, maji yakiwa yamepungua, mjomba aliyebaki alinipeleka kwa mtumbwi. Tulifika kwenye ukingo uliokatika wima kama ukuta. Akasimama kimya muda mrefu, kisha akaonyesha mtoni, katikati ya maji: "Palikuwa hapa." Mwembe mmoja ulikuwa bado umesimama pale ukingoni, nusu ya mizizi yake ikining'inia hewani.

Nimetafuta kwenye ramani za simu, hakuna kitu. Nimeuliza kwenye ofisi moja kama wana orodha ya vijiji vya kabla ya kuhama, nikaambiwa kijiji cha jina hilo hakijawahi kuwepo. Na jina lenyewe ni tatizo: wazee watatu wamenipa majina matatu. Ndiyo maana siliandiki hapa, nisije nikasambaza jina la makosa.

Maswali yangu ni haya. Karatasi za wakati ule ziko wapi? Kuna ramani inayoonyesha nyumba za bondeni kabla ya 1968? Na je, inawezekana kujua kama makaburi yaliliwa na mto au yako mahali pengine? Mjomba ana miaka 73. Sitaki aondoke kabla hatujaandika.

Bint Muhoro

Pole sana kwa msiba wa bibi, Mungu amrehemu. Mimi sina utaalamu, nina onyo moja tu. Kabla hujasafiri kwenda popote, pekua masanduku ya nyumbani. Cheti cha ndoa, kadi ya TANU, kadi ya kliniki, barua, stakabadhi, chochote chenye mwandiko wa zamani. Kipige picha leo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia kwa shangazi yangu, sanduku la marehemu babu likakaa kwenye maji siku nne. Tulipolifungua karatasi zilikuwa zimeshikana kama mkate. Humo mlikuwa na majina ya watu ambao sasa hakuna anayeweza kututajia.

Mzee wa Mlau

Mjukuu wangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Mimi nilizaliwa bondeni na nilihama nikiwa na miaka kumi hivi, kwa hiyo mengine niliyaona na mengine niliyasikia kwa wakubwa.

Nianze na hilo la ofisini. Waliokujibu hawakukudanganya, ila swali lilikuwa na tatizo. Unatafuta kijiji. Bondeni hatukukaa kijiji, kwa maana ya nyumba zilizopangana na barabara katikati. Kila mtu alijenga karibu na shamba lake, juu ya miinuko ya kando ya mto ambayo maji ya kawaida hayaifikii. Nyumba tatu hapa, tano kule, katikati mpunga na mahindi. Ungeweza kutembea asubuhi nzima ukipita kwa watu na usijue umetoka wapi kuingia wapi. Vijiji vya kupangana vilikuja na kuhama kwenyewe. Kwa hiyo ukiomba orodha ya vijiji, babu zako hawamo.

Kilichokuwa na jina ni shamba. Kila kipande cha bonde kina jina lake mpaka leo, na mabwawa yana majina, na pale mitumbwi inapofunga pana jina. Halafu juu ya hayo kulikuwa na jumbe, yaani mkuu wa eneo enzi za ukoloni, na watu waliitwa kwa jumbe wao: "watu wa fulani". Rudi kwa mjomba wako. Usimuulize kijiji kiliitwaje. Muulize: shamba la mama yako liliitwaje? Mlikuwa mkifunga mtumbwi wapi? Jumbe wenu nani? Samaki mlivua bwawa gani? Utaona ulimi unafunguka.

Na usimuulize mwaka. Muulize mafuriko. Sisi miaka yetu ni maji. Alizaliwa kabla ya maji yapi, alianza kuamia ndege msimu wa maji yapi.

Niseme na juu ya kuhama, maana vijana mnasoma kwamba watu walitoka bondeni 1968 na 1969 kama vile mlango ulifungwa. Haikuwa hivyo. Serikali ilitaka watu wakae juu, salama, karibu na shule, zahanati na maji ya bomba. Lakini chakula kilibaki chini. Mafuriko yanapopungua yanaacha tope lenye rutuba, na hapo ndipo tunapopanda mlau: mahindi, kunde, maboga, na enzi zile pamba. Udongo wa juu hauna kitu hicho. Kwa hiyo baba alijenga nyumba juu na bado msimu wa kilimo tulishuka, tukalala dunguni. Dungu ni kibanda cha juu ya miti mirefu. Unalala huko ili uwaone nguruwe na viboko kabla hawajafika kwenye mpunga, na maji yakija usiku yapite chini yako. Mama yangu aliendelea kupika chini ya mwembe wetu wa zamani miaka mingi baada ya nyumba kubomolewa.

Maana yake kwako ni hii: waliokuwa wakijua makaburi yako wapi hawakuacha kupita hapo mwaka 1968. Tafuta mtu aliyelima sehemu hiyo miaka ya sabini na themanini, hata kama si ndugu yako. Mkulima haweki jembe kwenye kaburi, analizunguka. Yeye atakumbuka alizunguka wapi.

Ramani na Nyaraka

Shikamoo Mzee wa Mlau. Umeniongezea kitu ambacho sikukipata kwa miaka yote niliyokaa na majalada.

Ndugu Mjukuu, kwa upande wa karatasi: Kumbukumbu za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Andaa barua ya utambulisho na uwe na siku kadhaa, si asubuhi moja. Ombeni majalada ya Wilaya ya Rufiji ya wakati wa Mwingereza, na kile kitabu cha wilaya ambamo mabwana shauri, yaani maofisa wa Kiingereza wa wilaya, waliandika habari za majumbe, kodi, mazao, mafuriko na njaa. Wajerumani nao walikuwa na boma Mohoro, palepale aliponyongwa Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, na majalada yao yapo katika jengo hilohilo, ila utahitaji anayesoma Kijerumani cha mkono. Kwa makazi ya bibi yako nadhani ya Mwingereza yatatosha. Na kama alivyosema mzee, tafuta jina la jumbe. Jina la jumbe ndilo ufunguo wa majalada yale. Ukiwa nalo, kurasa mia mbili zinakuwa sita.

Ramani: ziko zile za 1:50,000, ambapo sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1. Zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, na nyumba zimewekwa kama vidoa vyeusi vidogo. Tazama mwaka wa picha pembeni mwa karatasi, usitazame mwaka wa kuchapwa. Nilipofungua karatasi moja ya bonde la Rufiji kwa mara ya kwanza nilikaa kimya. Vidoa vimefuata mto pande zote mbili, na hakuna jina la kijiji juu yake. Watu wote wale, na mchora ramani hakuwa na neno la kuandika.

Picha zenyewe za ndege za Idara ya Waingereza ya upimaji wa ardhi katika nchi za nje zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland. Kuna pia picha za setilaiti za kijasusi za Marekani, Corona, za 1960 hadi 1972, zilizofunguliwa kwa umma 1995. Zile za miaka ya mwisho zinaonyesha hata kitu cha mita 2. Nyingine unapakua bure, nyingine unalipia, na pwani yetu mawingu ni mengi, kwa hiyo vumilia. Usipoteze muda na setilaiti ya Landsat kwa kazi hii: ilirushwa 1972, watu wakiwa wameshahama, na picha zake za mwanzo hazioni nyumba.

Kuhusu kaburi: chukua picha ya zamani, ilinganishe na ya leo, na utumie kitu ambacho hakikuhama. Bwawa linafaa, mto haufai. Pima kutoka bwawani hadi vidoa vya nyumba. Hapo utajua ni hatua ngapi za ardhi zimeliwa na kama makaburi yalikuwa upande ulioliwa.

Mjukuu wa Ng'ambo

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilifanya kama mlivyosema.

Bint Muhoro, asante kwa onyo. Chini kabisa ya sanduku la bati la bibi, ndani ya khanga, kulikuwa na stakabadhi ya kodi ya baba yake. Imechanika kona moja. Jina lake lipo, na mstari wa chini kuna jina la jumbe kwa wino wa buluu, linasomeka.

Mzee wa Mlau, shikamoo babu. Jana usiku nilimpigia mjomba. Sikutaja kijiji. Niliuliza shamba la mama yake, akajibu papo hapo. Nikauliza mitumbwi ilifungwa wapi, akajibu. Nikamsomea jina la stakabadhini, akacheka kwa mshangao, akasema huyo ndiye jumbe wao. Yale majina matatu niliyopewa na wazee watatu yote ni sahihi. Moja ni la shamba, moja ni la pale mitumbwi ilipofunga, moja ni la jumbe. Nilikuwa nimeshaanza kufuta mawili kwenye daftari.

Halafu nikauliza bwawa. Akalitaja, na kabla sijauliza kitu kingine akasema mwenyewe kwamba makaburi hayakuwa mtoni. Siku ya msiba walibeba maiti ya kaka yake wakiupa mto mgongo, wakielekea bwawani, na yeye alikuwa mdogo, akachoka njiani, akabebwa begani. Mwaka jana pale ukingoni alikuwa akinionyesha nyumba. Mimi ndiye niliyedhani ananionyesha kila kitu.

Wiki ijayo naenda Upanga na jina la jumbe. Mwezi wa nane tunavuka tena, na safari hii tutaupa mto mgongo. Mjomba ameomba tumchukue mzee mmoja aliyelima huko miaka ya themanini, anaishi mtaa wa pili kutoka kwake.