Mwanangu anafungua kila kitu, kasoro kitabu

MamaDagaa: Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa miaka tisa, darasa la tatu, tunakaa Kibirizi hapa Kigoma. Wiki iliyopita kafumua redio ya babu yake, katoa kimota cha kaseti, kakifunga kwenye dumu la mafuta ya kula. Pangaboi kalikata kwenye kopo la dawa ya viatu. Dumu likatembea ziwani hatua kama kumi, likapinduka. Mwalo mzima ukashangilia, mimi nikabaki na babu na redio yake.

Sasa mpe kitabu. Anaburuza kidole, "ma… shu… a", akifika mwisho wa mstari, mwanzo kashausahau. Mwalimu analalamika, baba yake anataka vile vyuma vitupwe. Nifanyeje?

MzeeWaGungu: Fimbo. Sisi tulisoma kwa fimbo.

FundiUjiji: Mzee, mimi fimbo ilinifundisha kujificha kwenye michikichi tu. Dada, vyuma usiviguse. Muulize kwanza kwa nini dumu lilipinduka, na jibu usimpe. Halafu msimulie Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, si anaiona kila siku? Wajerumani waliiunda kwao 1913, wakaifungua, ikaletwa kwenye makasha, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. 1916 wakaizamisha wenyewe isiangukie kwa adui, ila kabla ya hapo injini wakazipaka grisi nene. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ukifika kwenye grisi, nyamaza. Mwache aulize yeye.

TichaKasulu: Mama, silabi anazijua, kinachomkwamisha ni kasi. Kaa naye akusimulie alivyounda boti, wewe andika vile vile anavyotamka, sentensi tano au sita, usimpambie. Kisha asome. Maneno ni yake, tayari yako kichwani, kwa hiyo jicho halihangaiki kila herufi. Kesho asome karatasi hiyo hiyo, keshokutwa ongezeni sentensi mbili. Akikosea usimrukie, mwache afike kwenye nukta, mara nyingi anajirudi mwenyewe. Dakika kumi zinatosha, muache angali ana hamu. Na wewe msomee kitabu kwa sauti kabla ya kulala, hata kama yeye anasoma vibaya. Wazazi wengi huacha hilo mtoto akishaanza shule, sijui nani aliwaambia.

KeteNne: Na bao jamani! Mashimo 32, kete 64, anajumlisha na kutoa bila kuambiwa ni hesabu. Babu aliyenyang'anywa redio si ana muda sasa?

MzeeWaGungu: Hilo la bao naunga mkono.

MamaDagaa: Mrejesho. Jana alinisimulia, nikaandika nyuma ya kalenda. Akasoma, polepole lakini bila kidole. Alipofika nilipoandika "mota ikafa", akasimama. "Mama, haikufa. Ililowa." Kanipokonya kalamu, kakata, kaandika mwenyewe "irirowa". Nimeiacha hivyo hivyo.

Leo asubuhi nimemkuta anachokonoa mnyororo wa baiskeli ya baba yake. Anatafuta grisi. Fundi, hili nakudai wewe.