Steringi akiondoka, tamthilia iendelee au ifungwe? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za Jumapili. Onyo kabla hatujaenda mbali: humu tunatoboa nani kafa na nani kapona. Kama bado uko njiani na Prison Break, Power, The Blacklist au Narcos, pita kimya kimya, usije ukatulaumu.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Anapigwa risasi ya bega, anachana shati anafunga, mchezo unaendelea. Kiingilio tulikuwa tunakitoa kwa imani hiyo. Sasa mwaka 2009 niko hosteli, vijana sita tumebanana kitanda cha chini cha dabodeka, laptopu iko juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, tunamalizia sizoni ya 4 ya Prison Break. Mwisho kabisa watu wanakwenda makaburini. Kaburi la Michael Scofield, steringi mwenyewe! Hakuna aliyeongea. Jamaa mmoja wa Tabora akainuka, akaifunga laptopu ambayo wala si yake, akasema, "Tumeibiwa."

Haikuishia hapo. Mwaka 2017, miaka 8 baadaye, wakamrudisha. Kumbe yuko hai, yuko gerezani Yemen. Nilitakiwa nishangilie, lakini nilijisikia kama mtu aliyetoa rambirambi halafu akakutana na marehemu sokoni anachagua nyanya. Episodi zenyewe zilikuwa 9 na nilizimaliza kwa kinyongo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: steringi akiondoka, duka lifungwe. Nataka kusikia ya kwenu. Nadharia sitaki, semeni yaliyowakuta.

Kinyozi wa Uswazi

Mkuu, mimi nina kesi ya Power. Februari 2020 nilikuwa naiweka kwenye tivii ya saluni, wateja wengine wanakuja hata nywele hazijaota. Ghost, steringi mwenyewe, kapigwa risasi, wiki nzima saluni ni mahakama: aliyemuua ni Tommy rafiki yake, hapana ni Tasha mkewe, hapana ni yule wakili. Siku inafichuka kwamba ni Tariq, mwanawe wa kumzaa, mteja niliyekuwa nimemweka kitini akageuka ghafla kubisha. Mashine namba moja ikapita pale palipotakiwa namba tatu. Ilibidi nimalize kichwa kizima hivyo hivyo, na hela sikuchukua.

Wote tuliapa hatumwangalii yule dogo. Septemba mwaka huo huo ikaja Power Book II, na dogo ndiye steringi. Mwezi haukuisha, wale walioapa wakawa wananiuliza, "Vipi, imetoka?" Unajua kilichotunasa? Ada ya wakili. Mama yake yuko ndani kwa kesi ya kuua ambayo dogo ndiye mwenye dhambi yake, wakili anataka hela ndefu, naye ni mwanafunzi wa chuo. Hapo hata kama humpendi unataka kujua atazitoa wapi. Ilienda sizoni nne mpaka 2024. Ghost alikufa, madeni yake hayakufa.

Mpemba wa Glasgow

Assalaam alaykum. Huku Uskoti kuna tamthilia ya polisi inaitwa Taggart, ilianza mwaka 1983. Jim Taggart ndiye inspekta mwenyewe, mtu wa uso mkavu, ukimtazama utadhani amekula ndimu. Aliyeigiza, Mark McManus, alifariki kweli mwaka 1994. Basi waliendelea bila yeye mpaka 2010, na jina hawakulibadilisha! Miaka 16 tamthilia inaitwa kwa jina la mtu ambaye hayumo.

Mimi nilizijua kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake. Kila nikimpelekea chai ya saa kumi anazo, za marudio. Nikamuuliza, bibi, huyu Taggart yuko wapi, mbona simwoni? Akanitazama kama niliyeuliza bahari iko wapi. Akanambia Taggart ni Glasgow yenyewe: mvua, ngazi za mawe, watu wanaongea kwa mkato. Kwake yeye mji ulikuwa bado upo, basi na mchezo upo. Nami nikazoea, ikawa tunabishana nani muuaji kabla chai haijapoa.

Baba Wawili

Mimi The Blacklist nusura inivunjie ndoa (natania, ila si sana). Tuliianza tukiwa wachumba. Mwaka 2021, mwisho wa sizoni ya 8, Liz, yule dada wa FBI, kapigwa risasi, kafa barabarani mikononi mwa Red, yule mhalifu mkubwa. Mke wangu akasema, "Mimi basi." Na mimi nikaitikia, "Hata mimi basi." Mwongo mkubwa. Nilimalizia sizoni mbili zilizobaki kwa siri, simu nimeipunguza mwanga, earphone sikio moja ili mtoto akilia nisikie.

2023 nikafika mwisho. Red yuko Hispania peke yake porini, anakutana na fahali, wanatazamana, basi. Nilishindwa kuvumilia, nikamwamsha mama watoto nikamwambia Red amekufa. Akauliza nani kamuua. Nikamjibu. Akakaa kitandani: "Miaka kumi mtu anakimbizwa na FBI, halafu kauawa na ng'ombe?" Akalala. Mpaka leo nikichelewa kurudi anauliza kama nimekutana na ng'ombe.

Mleta mada: Hapo ngoja. Steringi wa Blacklist ni Red. Liz hakuwa steringi.

Baba Wawili: Njoo uyaseme hayo sebuleni kwangu.

Mguu wa Plasta

Jina langu linajieleza, nilianguka na bodaboda nikalala wiki sita. Kaka yangu akaniletea flashi ina Narcos zote. Pablo Escobar, yule bosi wa kokeini wa Kolombia, anauawa juu ya paa Medellín mwisho wa sizoni ya 2, na hapo huwezi kuwalaumu waandishi, maana mtu mwenyewe aliuawa kweli tarehe 2 Desemba 1993. Nikamwambia kaka aje achukue flashi yake. Alichelewa siku mbili, ndiyo bahati yangu.

Sizoni ya 3 inahamia kwa matajiri wa unga wa mji wa Cali. Hawana makelele ya Pablo. Wanavaa suti, wanahonga, wanasikiliza simu za mji mzima. Lakini anayekubana roho si bosi yeyote. Ni Jorge Salcedo, mkuu wao wa ulinzi, mtu aliyetaka kuacha kazi tu, akakataliwa. Anaanza kuwapa siri Wamarekani huku kila asubuhi anaingia kazini na kusalimia. Kuna pale maaskari wanatoboa ukuta kwa mashine, bosi kajificha nyuma ya ukuta ule ule, na Jorge ndiye aliyewaelekeza. Nilisahau mguu, nikataka kusimama. Mama alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko.

Mkuu, kwa Escobar nilijua mwisho wake tangu episodi ya kwanza. Kwa Jorge sikujua kama atafika jioni.

Shangazi wa Kisumu

Mimi ni wa Law & Order: SVU, ile ya wapelelezi wa polisi. Stabler aliondoka 2011 bila hata kwaheri. Sizoni mpya ikaanza tukaambiwa tu amestaafu. Mtu amefanya kazi na Benson, mpelelezi mwenzake, miaka 12! Nilikasirika, lakini sikuacha, kwa sababu ya Benson. Kumbe kilio changu kilikuwa cha ile kwaheri. Aliporudi 2021 nilipigia dada yangu simu usiku, akadhani kuna msiba.

Msema Kweli

Mnapamba sana. Tamthilia ya 24 waliijaribu bila steringi wake Jack Bauer mwaka 2017, wakaiita Legacy. Episodi 12, ikafa. Saa inalia ile ile, mwenye saa hayupo.

Mleta mada:

Msema Kweli, wewe peke yako ndiye uliyebaki upande wangu, na sina furaha nawe kama nilivyotegemea. Shangazi, hilo la kwaheri limenigusa, maana nikimkumbuka yule jamaa wa Tabora, nadhani angevumilia kifo. Ile ya kumfufua 2017 nilimtumia ujumbe, akajibu neno moja: "Sitaki."

Mguu wa Plasta, Narcos mimi niliishia pale juu ya paa na nikajiona nimemaliza. Ile flashi ya kaka yako bado ipo?