Je, mwenye nyumba ya kale katikati ya Lubumbashi aombe ruhusa ya pili kabla ya kuibadilisha?

Mrithi wa nyumba ya baraza
Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninaleta jambo linalonikosesha usingizi. Mimi na wadogo zangu tulirithi kwa baba yetu nyumba ya matofali iliyo karibu na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, yenye baraza pana mbele na paa la mabati lililochoka. Tunataka kuezeka upya, kisha tuizibe baraza ili tupate vyumba viwili vya kupangisha. Ofisi moja ilituambia kwamba ruhusa ya kujenga inatosha. Nyingine ikatuambia kwamba sura ya mtaa ule ni urithi, hivyo tuanze kwa watu wa utamaduni. Ninajua kwamba sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu tarehe 15 Machi 1971, lakini katika ofisi zote mbili hakuna aliyenionyesha orodha yenye nyumba yetu. Ninauliza, basi: je, ni haki mwenye nyumba aombe ruhusa mbili, moja ya kujenga na nyingine ya kugusa sura ya nyumba yake mwenyewe?

Fundi wa Katuba
Ndugu, ezeka nyumba yako. Nimefanya kazi juu ya mapaa ya mji huu miaka ishirini na miwili, na ninajua kwamba kifuku kikianza mwezi wa Novemba hakisubiri barua. Nimeona ukuta wa matofali ya udongo wa kichuguu, yaliyochomwa vizuri, ukuta uliosimama tangu kabla ya uhuru, ukilowa msimu mzima kwa sababu mwenyewe alikuwa akingoja sahihi, na msimu uliofuata ukapasuka kutoka juu hadi kwenye msingi. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na huyo anayetia sahihi halali ndani. Tena tuseme wazi: hizo ni nyumba za Wabelgiji, walijijengea wenyewe, na anayezililia na alete mabati.

Mjukuu wa mfyatua matofali
Fundi, ninakuheshimu kwa kazi yako, lakini neno lako la mwisho limenichoma. Walijijengea kwa mikono ya nani? Babu yangu alitoka kijijini akiwa kijana, akafyatua matofali ya mji huu hadi mgongo ukapinda. Reli ilipofika hapa mwaka 1910 na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilipowashwa mwaka 1911, waliobeba mawe, waliochimba misingi na waliopanda majukwaa walikuwa watu wetu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi papa hapa mjini. Ukiniambia kwamba kuta zile ni za Wabelgiji, unawanyang'anya waliokufa kitu pekee cha mikono yao kilichobaki kimesimama. Babu hakulala ndani, ni kweli, lakini ila za kuta zile alizijua kuliko aliyelala.

Fundi wa Katuba
Usinifundishe habari za babu, ndugu yangu, kwa maana na mimi ninaye. Babu yangu alikuwa mpishi katika mtaa huo huo wa kanisa, na jioni ilimpasa kurudi upande wetu, ng'ambo ya ule ukanda mtupu ulioachwa kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Akikutwa upande wa Wazungu usiku bila karatasi ya ruhusa, alikamatwa. Ndiyo sababu neno ruhusa linaniumiza. Mzee yule aliomba ruhusa ya kukanyaga njia. Leo mtoto wa Mwafrika amepata nyumba njiani hapo hapo, naye anaambiwa aombe ruhusa ya kuziba baraza. Sikuwadharau waliojenga.

Mjukuu wa mfyatua matofali
Hilo nimelisikia, na ninaomba radhi kwa ukali wangu. Hata hivyo, karatasi ile ilitolewa na mtawala kwa ajili ya kututenga, ilhali hii inayozungumzwa ingetolewa na sisi kwa ajili ya kukumbuka. Waeritrea walipigania Asmara, mji uliojengwa wakati wa Waitalia, wakauona kuwa wao; mwaka 2017 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi tuna sehemu tano katika orodha hiyo, nazo ni Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Zote ni misitu, mbuga na wanyama. Hakuna hata ukuta mmoja uliojengwa na Mkongomani.

Mama wa Kamalondo
Wanangu, mmekaa juu ya wazee wenu, na mimi nitakaa juu ya mtaa wangu. Kila mnapotaja urithi mnataja kanisa kuu, jumba la haki, na lile jumba la michezo ya kuigiza la miaka ya 1950 ambalo sasa ni la bunge la jimbo. Mbona hamtaji Kamalondo? Huku ndiko walikokaa waliowajengea, tangu mtaa ulipoitwa Albert. Kuna vijumba vya enzi hizo vyenye milango inayofunguka moja kwa moja kwenye njia, na kila mwaka kimoja kinabomolewa ili lipande ghorofa la maduka. Kama nyumba ya huyu mwanangu ilindwe kwa sababu ya baraza yake, basi hata ua wetu, ambamo watu wa makabila yote walijifunza kusema Kiswahili kimoja, ulindwe. Na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, ulio kando ya bomba kubwa la moshi? Tangu miaka ya 2000 unachotwa kwa ajili ya kobalti, nao ni alama ya mji wetu katika kila picha. Mimi sikuulizwa, wala jirani zangu.

Fundi wa Katuba
Mama, mlima ule ni mali, si nyumba. Ulikuwa takataka ya kiwanda, na sasa unalisha watu.

Mama wa Kamalondo
Unalisha nani, mwanangu? Mimi ninakaa ninapouona kila asubuhi, na sijakula chochote kilichotoka huko.

Mwanafunzi wa ujenzi
Wazazi wangu na wakubwa zangu, ninaomba nirudi kwenye paa, kwa maana mwenye swali bado ananyeshewa. Kutengeneza na kubadilisha ni mambo mawili. Anayeng'oa bati lililooza na kuweka jingine la umbo lile lile ametengeneza, wala asingestahili kungoja zaidi ya siku chache; anayeziba baraza amebadilisha uso wa mtaa mzima, kwa sababu safu ya baraza zile ndiyo inayompa kivuli mpita njia. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1943, hata jengo lisiloorodheshwa huangaliwa likiwa ndani ya mita 500 za jengo la kihistoria linalolindwa na likionekana pamoja nalo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ipo mamlaka inayoangalia mambo haya, na sababu zake nyingine ni za ufundi mtupu: kuta za kule ni za mawe na chokaa, na ukizipaka sementi unyevu unafungiwa ndani, ukuta unaoza. Lakini ni kule kule ambako Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo mikononi mwa serikali, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Kwa hiyo ninaitaka ruhusa ya pili, ila kwa masharti: orodha ibandikwe ukutani katika kila komini, yaani kila wilaya ya mji, jibu liwe na siku yake ya mwisho, na ofisi ikinyamaza hadi siku hiyo ipite, mwenye nyumba ahesabiwe kuwa amekubaliwa.

Fundi wa Katuba
Kijana, hao mafundi wawili ndio ninaowafikiria mimi. Hilo la siku ya mwisho ninalikubali. Hilo la baraza silikubali, kwa maana kodi ya vyumba viwili ndiyo itakayolipa bati.

Mrithi wa nyumba ya baraza
Nimewasoma wote. Sikujua kwamba swali langu lingefika hadi 1941, na jana jioni nilikaa barazani nikayatazama matofali yale kwa muda mrefu; katika baadhi yake alama za vidole vya mfyatuaji zimebaki. Paa tutaliezeka kabla ya Novemba, kwa ruhusa ya kujenga tuliyo nayo. Baraza hatutaiziba mwaka huu. Mdogo wangu anasema vyumba viwili vinaweza kupatikana nyuma, upande wa jiko la zamani, ambako hakuna anayepita. Je, Fundi, unaweza kuja Jumamosi uniambie kama msingi wa huko utabeba?

Fundi wa Katuba
Nitakuja saa mbili asubuhi. Usiruhusu mtu yeyote achimbe kabla sijafika.