Nchi tano za Ulaya zimeamua kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa: Uganda tubaki au tutoke?

Mleta mada, Kampala

Wadau, kuna kauli imeshika kasi hapa mjini tangu Poland, Finland, Estonia, Latvia na Lithuania zilipoamua mwaka 2025 kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa, ule unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Kauli yenyewe ni kwamba kama wenye nguvu wametoka, Uganda inang'ang'ania nini? Mimi nasema tubaki.

Tuanze na historia yetu wenyewe, maana wengi wanaongea kana kwamba Wazungu ndio walituletea jambo hili. Mkataba ulipitishwa Oslo Septemba 1997 na kufunguliwa kwa saini Ottawa tarehe 3 Desemba. Uganda ilisaini siku hiyohiyo ya kwanza. Wakati huo Joseph Kony na waasi wake wa LRA walikuwa wanachoma vijiji kaskazini, na waasi wa ADF walikuwa wanashuka kutoka milima ya Rwenzori, magharibi. Hatukusaini kwa raha ya amani. Tena nchi yetu ilikuwa imewahi kutengeneza mabomu haya yenyewe, kiwandani Nakasongola. Kufikia Julai 2003 jeshi lilikuwa limeteketeza akiba yote, zaidi ya mabomu 6,000, isipokuwa yale ambayo mkataba unaruhusu kwa mafunzo.

Kazi ngumu ilikuja baadaye, watu waliokimbia vita walipoanza kutoka kambini kurudi mashambani. Ngomoromo na milima ya Agoro, mpakani na Sudan Kusini, palikuwa na maeneo ambayo mtu hathubutu kutia jembe. Mteguaji hupiga magoti kwenye kijia cha upana wa mita moja kilichowekewa vijiti, anapitisha kifaa cha kugundua chuma juu ya udongo, na kikilia anaanza kuchokonoa kwa ncha ya chuma akiiingiza kwa kuinamisha, kwa sababu bomu hulipuka likikandamizwa kutoka juu. Mara nyingi anachokuta ni msumari au ganda la risasi. Anaanza tena. Mkataba ulitupa miaka 10 kumaliza tangu ulipoanza kutufunga mwaka 1999, yaani hadi 2009. Hatukuwahi, tukaomba muda, na Desemba 2012 Uganda ikatangaza Geneva kwamba imemaliza. Vijana wetu ndio waliopiga magoti hayo, wakisaidiwa na shirika la Kidenmaki la uteguaji mabomu, kwa fedha za wafadhili. Msaada huo haukuwa hisani tu. Kifungu cha 6 kinazitaka nchi zenye uwezo zisaidie.

Sasa mtu anataka turudishe kitu kilekile ardhini?

Afande mstaafu, Kasese

Ndugu, nimekusoma kwa heshima, ila unaongea ukiwa Kampala. Finland ina mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, na Urusi haikusaini. Marekani haikusaini, China haikusaini. Finland imepima, ikaona karatasi haizuii vifaru. Sisi huku tuna msitu, mlima na Kongo. Juni 2023 ADF waliingia shule ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao watoto waliokuwa bwenini. Je, wale walisaini mkataba wowote? Jeshi haliwezi kuweka askari kila mita kumi. Siombi mabomu yatapakazwe ovyo. Nasema serikali isijifunge mikono mbele ya adui asiyejifunga. Nimezika watu, siongei kwa nadharia.

Mchangiaji, Gulu

Afande, pole sana kwa uliowazika. Naomba nikujibu kama binti yako.

Njia anazopita ADF ndizo anazopita mama anayevuka mto Lhubiriha siku ya soko la Mpondwe. Bomu halimwulizi mtu kitambulisho. Pia mkataba haukatazi kila kitu. Unakataza bomu linalolipuliwa na mtu mwenyewe anayelikanyaga au kuligusa. Lile ambalo askari analilipua kwa waya huku anamwona adui, halimo. Ya kuzuia vifaru nayo hayamo. Kwa hiyo mikono haijafungwa kama unavyosema. Kilichoondolewa ni silaha inayobaki kazini baada ya vita kwisha na askari kustaafu.

Lakini nina ugomvi na mleta mada pia. Unaishia 2012 kana kwamba mambo yaliisha pale. Kaka yangu mkubwa alikanyaga bomu akiwa mtoto, akienda kuchota maji. Tangu hapo tunaishi na hesabu ya miguu ya bandia. Mtoto anakua, mfupa unarefuka, mguu wa juzi haumtoshi. Akiwa mtu mzima kigutu kinapungua, soketi, yaani kikombe kinachoshika kigutu, inalegea, ngozi inachubuka mpaka inatoa damu, naye analima hivyohivyo. Karakana ninayoijua ina mafundi hodari kweli, wanajua kuchukua umbo kwa plasta na kufinyanga plastiki juu yake hadi ikae sawasawa. Plastiki ikiisha, fundi anakaa. Wafadhili walipunguza safari zao mara tu tulipotangazwa kuwa huru na mabomu. Nauli ya kufika mjini nayo ni mbuzi mzima.

Margaret Arach Orech, aliyepoteza mguu Desemba 1998 gari alimosafiri liliposhambuliwa huku kaskazini, amezunguka dunia akiwa balozi wa kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu haya na kusema maneno haya kwa miaka. Ardhi imesafishwa, mtu bado. Mkataba huohuo unataja huduma kwa manusura na kuwarudisha kwenye maisha ya jamii. Hilo nalo ni deni.

Mleta mada, Kampala

Dada wa Gulu, nakubali kabisa, na ndiyo sababu nyingine ya kubaki. Tukitoka tutadai msaada kwa mkataba upi? Ila nisiwaachie wafadhili mzigo wote. Miguu ya bandia ya Waganda iwe kwenye bajeti ya afya ya Uganda, mstari wake wenyewe, kila mwaka. Mbunge wako umemwuliza?

Afande, kifungu cha 20 kinasema nchi ikijitoa inangoja miezi sita, na kama iko vitani muda huo ukiisha, haitoki hadi vita viishe. Waliokiandika walijua kwamba hofu ya vita ndiyo itakayotusukuma mlangoni. Halafu kuna mabomu ya mtawanyiko, yale yanayomwaga vibomu vingi vidogo. Septemba 2008 Afrika ilikutana hapahapa Kampala kuyajadili, Desemba tukasaini Oslo mkataba wa kuyapiga marufuku, na bado hatujauridhia. Badala ya kubishana tutoke kwenye mmoja, tumalizie huo wa pili.

Afande mstaafu, Kasese

Binti wa Gulu, la miguu nimelipokea, na hapa Kasese ninao majirani wa kuwasemea. Nitalipeleka kwa mbunge wetu mwenyewe. La mpaka bado sijashawishika. Nataka kusikia kutoka kwa watu wa Bundibugyo na Ntoroko, mpakani na Kongo, wanaolala upande huu na kusikia risasi upande ule.