Ramani ya msikiti imetoka Dar, huku Uyole ni baridi, madirisha tuwekeje?

mjengo_uyole:
Assalam alaykum wakuu. Tunajenga msikiti mdogo huku Uyole, Mbeya, msingi tayari na tofali za kuchoma zimeshashushwa, sasa ramani imechorwa na mtu wa Dar, pande zote ni matundu makubwa ya upepo, juu bati tupu. Nikawaza Julai alfajiri itakuaje, maana kwenye msikiti wa zamani wazee wanatoka kutawadha maji ya baridi wanakanyaga simenti peku wanatetemeka, kuna mzee wetu siku hizi alfajiri anaswalia nyumbani sababu ya magoti, inaniuma sana. Ila nikisema tuzibe naambiwa Oktoba adhuhuri tutaiva.

Fundi_Iringa:
Waalaykum salaam. Dar joto lina unyevu, bila upepo mtu hapoi, ndo maana wanaacha wazi kila upande. Mbeya mko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mchana jua usiku baridi, ukuta wa inchi tisa ndo mpango, unakunywa joto mchana unalitoa taratibu usiku. Sasa angalia kibla. Kutoka kwetu Makka iko kaskazini, imelalia mashariki kidogo tu, na Juni jua nalo linapita kaskazini, yaani ukuta wa kibla ndo unaoota jua kipindi cha baridi! Wekeni vidirisha vya vioo juu ya mihrabu, pale mbele anaposimama imamu, adhuhuri safu ya mbele itaota jua. Desemba jua linahamia kusini, ukuta huohuo unabaki kivulini. Upande wa magharibi madirisha punguzeni, jua la alasiri linachoma. Oktoba jua liko utosini, linapiga bati siyo ukuta, kwa hiyo silingi chini ya bati msiikwepe. Na bati tupu alfajiri linatoa jasho, matone yanaangukia zulia.

mama_wawili:
Jamani na sisi wanawake mtufikirie. Tunawekwa nyuma, ambako kwa hesabu hiyo ya fundi ni kusini, Julai hakuna jua linalofika, naswali nimejifunga vitenge viwili juu ya baibui. Tuwekeeni madirisha mashariki tupate la asubuhi. Na pa kutawadhia pawe chini ya paa hilohilo, mtu asikatize uwanjani na miguu mibichi.

mjengo_uyole:
Dah, kibla na jua sikuwahi kuviunganisha. Jumapili naibeba hii kwenye kamati, na pa kutawadhia napasemea mwenyewe. Fundi, hivyo vidirisha vya juu vifunguke?

Fundi_Iringa:
Vifunguke, tena na upande wa pili weka vingine juu vitazamane. Oktoba mnafungua joto linatokea huko juu, Juni mnafunga.