Naomba ushauri: kashata za chokoleti zinatoka na ukingo chini na michirizi ya kijivu

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Niko Moshi, natengeneza kashata za nazi za kuuza. Kuna mteja ana sendofu, anazitaka zilizofunikwa chokoleti. Ladha kaipenda, shida ni sura.

Natumia chokoleti nyeusi yenye siagi ya kakao, siyo ile ya mafuta ya mawese. Nayeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto hadi nyuzi 45, naipoza huku nakoroga hadi 27 hivi, halafu naipandisha tena hadi 31 (kipimajoto ninacho). Nachovya kashata kwa uma, nagonga uma ukingoni mwa bakuli, naiweka juu ya karatasi ya kuokea. Ikishika, chokoleti imejikusanya chini na kutandaa kama sketi, na kesho yake inatoka michirizi ya kijivu. Nimejaribu kuziweka kwenye friji. Nikizitoa zinatoa jasho, na joto hili la Februari mnalijua.

Kuna walioniambia niongeze mafuta ya kupikia iwe nyepesi. Hapo hapana, itabaki laini na wageni watachafuka vidole.

Naomba kujua: kashata ziwe za baridi kabla ya kuchovya, au za joto la kawaida la chumbani? Na ule ukingo wa chini mnauondoaje bila kuharibu pembeni? Shughuli ni Jumamosi ijayo. Natanguliza shukrani.