Majani ya mti wa avoka yanakauka kuanzia ncha: nianze kuchunguza wapi?

Mama Sifa (Goma, Keshero)
Ndugu zangu, naomba msaada. Mti wetu wa avoka, uliopandwa kwenye udongo mchache juu ya mawe ya lava, unakauka majani: ncha hugeuka kahawia, kisha ukavu huo hufuata ukingo huku katikati ya jani kukibaki kijani. Majani machanga ni mazima. Kiangazi hiki tunaumwagilia maji ya ziwa, na upepo ukigeuka, moshi wa volkano ya Nyiragongo hutufikia. Jirani ananihimiza nipulize dawa ya ukungu. Je, nimsikilize?

Papa Bahati (Goma, Himbi)
Mama Sifa, tafadhali usipulize bado. Ukungu wa majani kwa kawaida huanza kwa madoa yaliyotawanyika, haufuati ukingo hivyo. Majani makubwa yakikauka ncha huku machanga yakiwa salama, mimi hushuku chumvi kwanza, kwa sababu maji yanayopanda kutoka mizizini hutoka kwenye jani kama mvuke na kuiacha chumvi kule mwishoni, ikizidi kujikusanya kadiri jani linavyozeeka. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi kuliko ya mvua, na avoka ni kati ya miti ya matunda inayoshindwa upesi na chumvi. Mkiwa na maji ya mvua kwenye tangi, mwagieni hayo, kwa wingi kila mara, yaisukume chumvi chini ya mizizi.

Mkulima wa Rusayo
Papa Bahati amesema vema, ila gesi ya volkano nayo ina floridi, kemikali ambayo huunguza ncha na kingo vilevile. Kwetu, ambako moshi huja mara nyingi, gesi haichagui mti mmoja: maharagwe na mimea mingine huungua pamoja. Basi tazama mimea ya jirani asiyemwagilia maji ya ziwa. Kisha fukua taratibu kwa mkono chini ya matawi, kwani mizizi myembamba ya avoka iko karibu na uso wa udongo. Ikiwa myeupe, ni mizima. Ikiwa myeusi na inakatika ovyo, mizizi inaoza, na hapo chanzo cha shida hakiko kwenye majani.

Mama Sifa
Nimefukua: mizizi ni myeupe. Maharagwe ya jirani hayajaungua, na avoka yake, ambayo haimwagiliwi, ni ya kijani mpaka ncha. Nimeacha maji ya ziwa. Je, niyakate majani yaliyokauka?

Papa Bahati
Yaache yaanguke yenyewe, Mama; sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mti. Yaliyoungua hayatapona, kwa hiyo angalia yatakayochipua mvua za Septemba zikianza.